Kinga Ipo

Mdogo wangu anaitwa Kamba, na nianze na hilo jina kwa sababu wasiomjua hudhani ni la mtu mwongo. Sivyo. Kamba hajui kudanganya. Akijaribu, masikio yanacheza mpaka mtoto mchanga anamgundua. Aliitwa hivyo kwa kuwa tangu ujana wake hajatoka nyumbani bila kamba begani. Alianza kwa kubeba magunia na makabati ya watu mgongoni, baadaye akaajiriwa kwenye gari la farasi la mtu mwingine, na mwishowe akapata farasi wake mwenyewe, jike, ambaye wenye kinu cha unga walikuwa wamemchoka. Siku anamleta, mbavu zilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamuuliza, "Huyu ni farasi au kitanda cha chuma?" Akacheka tu. Akamwogesha, akamchana, akamlisha kwa kiganja kama mgonjwa wa hospitali, na kabla mvua hazijakatika kile kitanda kikawa farasi kweli, wa kuvuta mchanga, matofali na samani za kila anayehama. Nusu ya mtaa huu imehamishwa na Kamba. Anajua godoro la nani lina kunguni, na hajamwambia mtu, ingawa mimi nimemuuliza sana.

Jina la farasi alilitoa wifi yangu, mke wa Kamba. Chakula kilikuwa kinapoa mezani, mume yuko bandani anaongea na mnyama, anamweleza safari za kesho. Wifi akatoka mlangoni na mwiko mkononi.

"Basi kula huko huko kwa bi mdogo wako!"

Jina likaganda. Mtaa mzima ukamwita farasi Bi Mdogo, na wifi naye akawa Bi Mkubwa, akavimba kidogo, akazoea. Nami nikawa na mawifi wawili, na nikisema ukweli, yule wa miguu minne hakuwahi kuniazima kitu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kinatazamana na banda la farasi, na wanaosema kazi yangu ni kuchungulia waje waone dirisha lenyewe: ukiinua macho kutoka kwenye sindano, unaona mkia. Ndani ya banda hilo Kamba alikuwa na mwenzake, mvuta mizigo kama yeye, tunayemwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona. Spika ana farasi dume, Kanali. Wale wanaume wawili walishirikiana kila kitu: pipa la maji, brashi, kitambaa cha kufutia jasho, na umbea.

Bi Mdogo alianza kuvimba mguu wa mbele. Mwanzo kilikuwa kidonda kidogo cha kukwaruzwa na waya, kikakataa kupona. Halafu vikatoka vinundu, kimoja juu ya kingine, vikapanda kutoka kwenye goti mpaka kifuani, vimepangika chini ya ngozi kama shanga kwenye uzi. Vikapasuka vile vya chini, vikatoa usaha mzito wa njano. Vya juu vikaendelea kupanda. Wifi, ambaye ana dawa ya kila ugonjwa na hajasomea hata mmoja, akavisugua kwa sabuni ya unga, akamwagia dawa ya kuulia kunguni, juu yake akapaka oili chafu ya gari.

"Umemuua kunguni, umemlainisha," nikamwambia. "Sasa mtibu na farasi."

"Wewe shona, wifi. Shona."

Kamba akamwita daktari wa mifugo. Mwanamke kijana, buti za mpira, pikipiki imejaa tope, anahudumia eneo kubwa peke yake na uso wake unaonyesha. Akamwinamia Bi Mdogo kwa muda mrefu, akiminya, akinusa. Akasema ugonjwa huu unaweza kuwa wa aina mbili zinazofanana kama mapacha. Mmoja ni wa fangasi, unaopita chini ya ngozi ya farasi polepole. Mwingine ni wa bakteria, nao ukishika hauachi, unaua hata binadamu, na ukithibitika farasi wote wa jirani wanauawa. Spika aliposikia hapo, akafunga mdomo. Ndiyo mara ya kwanza.

"Utajuaje ni upi?" akauliza Kamba.

"Ningeangalia usaha kwenye hadubini, nimwone fangasi mwenyewe. Lakini huu usaha," akatazama kidole chake kilichokuwa cheusi, "una oili, una sabuni, una sijui nini. Nani kafanya hivi?"

Wifi akakumbuka kitu jikoni.

Basi Daktari akachukua damu. Akatueleza, nami nilikuwa nimeshatoka na kipande changu cha kushona mkononi, kwamba damu haidanganyi hata mkiipaka oili. Mwili wa mnyama ukipigana na fangasi unatengeneza askari wa kupambana na fangasi ile ile, si nyingine. Kule maabara wana kisahani cha plastiki chenye vishimo, ndani wamepaka fangasi iliyokwisha kuuawa. Wanadondosha maji ya damu ya farasi. Kama wale askari wamo, wanaing'ang'ania fangasi, na dawa ikiongezwa kishimo kinabadilika rangi. Kama hawamo, kinabaki cheupe. Na watapima vivyo hivyo kwa ule ugonjwa wa pili.

Alieleza vizuri. Tatizo ni kwamba hakutaja jina la hao askari.

"Kwa sasa mtenge," akamwambia Kamba. "Banda lake, ndoo yake, brashi yake. Nitakutumia majibu kwa simu. Ikionekana ana fangasi, abaki huko huko mpaka nije. Ikionekana hana, mrudishe kwa mwenzake. Umenielewa, Baba?"

"Nimekuelewa, Daktari."

Na kweli alielewa. Akamfunga Bi Mdogo nyuma ya choo, chini ya mabati, akawa anakwenda kukaa naye huko huko kwenye harufu. Kazi ikasimama. Gari likainamisha mikono yake uwanjani. Wateja walipiga simu, akawaambia farasi anaumwa, wakampigia Spika. Spika akabeba mizigo ya watu wawili, ile kola ya shingoni ya Kanali ikakatika kwa uzito, akaifunga kwa waya, akaendelea.

Siku majibu yalipofika nilikuwa napiga pindo sare ya shule. Nikasikia Kamba anapiga kelele kama Spika, nikadhani mtu kafa. Akaingia kwangu bila kubisha, ananisukumia simu puani.

"Soma, Dada! Soma kwa sauti!"

Nikasoma. Ujumbe ulikuwa mfupi. Ugonjwa ule wa bakteria: hakuna. Halafu: *Kinga dhidi ya fangasi: IPO. Kiwango: juu sana.*

"Ana kinga!" Kamba akanikumbatia, uzi ukanikatikia. "Nilijua! Farasi huyu hajawahi kuumwa hata mafua. Kinga ipo, tena juu sana! Fangasi itaingilia wapi?"

Nasi tukashangilia. Wifi akapiga vigelegele, na wifi hakuwahi kumpigia Bi Mdogo vigelegele. Nani angeuliza? Watoto wetu wanachomwa sindano ya kinga. Ukuta ni kinga, neti ni kinga, mwavuli ni kinga. Mtu akikuambia una kinga, unaomboleza?

Daktari naye akapiga simu jioni ile, nikiwa pale pale. Kamba akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie baraka.

"Baba, majibu umeyaona?"

"Nimeyaona, Daktari! Asante sana, Mungu akuzidishie!"

"Haya... Basi fanya kama tulivyokubaliana."

"Nimeshafanya!"

"Vizuri. Nitakuja kuchukua damu ya pili, tulinganishe."

"Karibu sana, hata sasa hivi!"

Alikuwa ameshamrudisha bandani. Bi Mdogo alimkuta Kanali, wakasuguana shingo kama ndugu waliopotezana. Mguu bado ulikuwa umevimba, lakini Kamba alisema hiyo ni taka inatoka, kinga inasafisha. Na kwa kuwa Bi Mdogo alihitaji kupumzika kidogo kabla ya kurudi kazini, akamwambia Spika atupe ule waya, atumie kola yake. Kola ile pedi yake niliishona mimi, turubai nje, pamba ndani, na upande wa kifuani ilikuwa imekauka doa la usaha. Spika akaligusa.

"Hii?"

"Si ana kinga?"

"Ee, basi hata usaha wake ni dawa!" Spika akacheka, mtaa mzima ukasikia, akamvisha Kanali.

Majuma yakapita. Vinundu vikafika begani, vikapanda shingoni. Jicho moja la Bi Mdogo likaanza kutoa machozi mazito, likafumba. Akakonda tena, mbavu zikarudi. Kamba akazidi kumwambia kila mtu habari ya kinga, ila sasa alikuwa anaisema kama mtu anayeuliza. Usiku alinijia, hapana, niseme ukweli, ilikuwa mchana mweupe, alikaa kwenye kiti cha wateja wangu akashika mkasi akawa anaufungua na kuufunga.

"Dada, mwenye kinga anaweza kuumwa hivi?"

"Mimi nashona nguo," nikamwambia. "Mpigie mwenyewe."

"Nikimpigia ataona simwamini."

Ndivyo alivyo. Angebebeshwa nyumba mgongoni, asingeuliza milango iko mingapi.

Daktari akaja bila kupigiwa, kuchukua ile damu ya pili. Akateremka kwenye pikipiki, akaenda moja kwa moja nyuma ya choo. Akarudi.

"Farasi yuko wapi?"

"Bandani, Daktari," akasema Kamba. "Na mwenzake."

Daktari aliingia bandani, akasimama kati ya wale farasi wawili waliokuwa wanakunywa kwenye pipa moja, akavua glovu aliyokuwa ameanza kuvaa.

"Nimekuja kuona kama kiwango kimepanda," akasema taratibu, kama mtu anayepima sakafu kabla ya kukanyaga.

"Kipande tu, Daktari! Kipande mpaka kigonge mabati!"

Hapo ndipo Daktari alipomtazama mdogo wangu, nami nikaona uso wake unabadilika. Akashika mwimo wa mlango.

"Baba. Ulielewa nini nilipokuandikia kinga ipo?"

"Kwamba ana kinga."

"Ya nini?"

"Ya kumkinga."

"Siyo hivyo." Daktari akaonyesha kidole shingoni mwa Bi Mdogo. "Hiyo kinga ndiyo hao askari niliokueleza. Mwili hauwatengenezi mpaka fangasi iwe imeshaingia. Wakiwa wengi hivi, na vidonda hivi, maana yake anaumwa. Tena anaumwa sana."

Wifi akajitosa, mkono kiunoni. "Daktari, samahani. Mwavuli ni kinga ya mvua. Mtu akiwa na mwavuli, unamwambia amelowa?"

"Nikiukuta mwavuli unachuruzika maji, Mama, najua mvua imemnyeshea."

"Basi ungeandika amelowa!" wifi akapaza sauti. "Ungeandika ANAUMWA! Herufi saba! Kalamu ingekatika?"

Daktari hakujitetea. Alisema ndivyo maabara wanavyoandika, naye aliupeleka ujumbe kama ulivyomjia, akiwa barabarani. Alisema tulikubaliana kwamba ikionekana fangasi atengwe. Na ukisikiliza vizuri, kila mtu pale alikuwa amefanya alivyoagizwa.

Kamba hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja, mkono uko kwenye paji la uso la farasi.

"Na hao askari wote alionao, wengi hivyo. Hawamsaidii?"

"Wanapigana, Baba. Wanashindwa."

Dawa ilikuwepo, chumvi chumvi fulani ya kunywesha, na Daktari alisema ingejaribiwa pale mwanzo, vinundu vikiwa bado mguuni. Sasa viko shingoni, viko jichoni. Kumwacha ni kumtesa, na kila inzi anayetua kwenye kidonda anabeba mzigo kwenda kwa farasi mwingine. Kola ichomwe. Brashi zichomwe, vitambaa vichomwe, udongo wa bandani uondolewe, na asiingie mnyama humo kwa muda mrefu. Alipoulizwa ni nani atakayetoa ruhusa, Kamba akasema, "Mimi," masikio yametulia kabisa.

Bi Mdogo aliuawa kwa sindano pale nyuma ya choo. Kamba ndiye aliyemshika hatamu. Alikuwa anamwongelesha, nami sikusikia maneno, ila kwa mdomo ulivyokwenda nadhani alikuwa anamweleza safari, barabara hadi barabara, kama alivyozoea. Wifi aligeukia ukuta. Bi Mdogo alikunja magoti ya mbele kwanza, kwa heshima, kama anayesubiri kupakiwa mzigo, halafu akalala. Tulimzika kwenye shimo refu lililochimbwa na wavuta mizigo wenzake, akamwagiwa chokaa, na kola niliyoishona kwa mikono yangu ikaungua ikinuka nywele.

Tangu siku hiyo wifi hakumwita tena farasi yeyote Bi Mdogo, wala hakuruhusu yeye aitwe Bi Mkubwa. "Mkubwa wa nani?" aliniambia. "Nimebaki peke yangu."

Sasa ikawa habari ni Kanali. Siku ile ile Daktari alikuwa amemchukulia damu, akaagiza atengwe mpaka majibu. Lakini safari hii alikaa chini na Kamba na Spika, akawaeleza neno kwa neno, na mimi nilisogeza kiti. Alisema kinga huja nyuma ya ugonjwa, haitangulii. Fangasi inaweza kuwa imeingia leo na damu isionyeshe kitu kwa majuma. Kwa hiyo hata majibu yakiwa mazuri, watapima tena, na Kanali asichanganywe na wengine. Spika aliitikia kila kitu kwa kichwa. Spika akiitikia kwa kichwa, ujue hasikilizi.

Kamba alisikiliza. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Asubuhi alikuwa anakwenda kumkagua Kanali kwa viganja, akianzia shingoni, polepole, kama kipofu anayesoma uso. Asubuhi moja mkono ulisimama chini ya bega la kushoto, pale pedi ya kola ilipokuwa inakaa. Ukarudi nyuma. Ukasimama tena. Akaniita, nikagusa. Vigumu, vidogo kama maharage, viwili.

Hakumwambia Spika papo hapo, maana Spika alikuwa anakuja mbio uwanjani, simu juu.

"Kamba! Wewe ndiye unayelijua hili neno, nieleze! Wameandika: *Kinga dhidi ya fangasi: haijaonekana.* Ipo ni mbaya, si ndiyo? Sasa haipo! Haipo ni nzuri!"

"Hawakuandika haipo," Kamba akasema. "Wameandika haijaonekana."

"Tofauti yake?"

"Ni hiyo *ja*, ndugu yangu. Haija. Njoo uguse hapa."

Spika hakugusa. Alimtazama Kamba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea kwa sauti ya chini, nami sikuipenda.

"Ulipoambiwa ipo, ulifurahi, tukafurahi wote. Kola yako nikamvisha Kanali. Leo mimi nimeambiwa haijaonekana, nilie? Kila jibu likija wewe unalijua baada. Hivi ni vijipu vya mainzi. Nimekaa bila kazi, nyumbani kwangu wanakula, Kamba. Wanakula kila siku, hawana likizo."

"Spika, subiri apimwe tena..."

"Wewe subiri. Wewe huna farasi."

Akamtoa Kanali, akamvisha kola mpya, akamfunga kwenye gari. Kamba alisimama mbele ya magurudumu, mikono imepanuka. Spika akamzunguka tu. Mtu hawezi kuzuia farasi kwa mikono mitupu, Kamba anajua kuliko wote. Basi akamfuata nyuma kwa miguu, nami nikaacha cherehani inazunguka, nikafuata.

Pale njia panda kuna birika la saruji ambapo wavuta mizigo wote husubiri kazi, farasi wakinywa bega kwa bega. Kamba alifika anahema.

"Jamani, toeni farasi wenu! Kanali ana vinundu! Msimruhusu akaribie!"

Wakamgeukia. Wengine walikuwa wale wale waliochimba shimo.

"Kwani hakupimwa?" mmoja akauliza.

"Kapimwa!" Sauti ya Spika ilikuwa imerudi, yote. Akainua simu, akawapitishia machoni. "Kapimwa maabara, kwa kisahani! Haikuonekana!"

"Imeandikwa haijaonekana," akasema Kamba.

"Si ndiyo hivyo hivyo," akasema yule wa kwanza kwa upole, kama anavyosemeshwa aliyefiwa, akamsogeza farasi wake kidogo pembeni ili Kanali apate nafasi ya kunywa.